Ya Chini Kwenye Orodha

Simaloi wangu,

Sitaanza na "natumai barua hii itakupata ukiwa mzima," kwa sababu uko hapo ng'ambo ya barabara kwa Mama Brayo unasukwa nywele, na nikifungua dirisha nasikia ukicheka. Ukirudi utaniuliza mbona chai imepoa. Imepoa kwa sababu naandika. Mambo ya neti, na kufunga mlango, na kutomwachia mtu begi stendi, hayo nimeyasema wiki nzima mpaka ukaanza kunimalizia sentensi. Siyarudii. Nataka kujibu lile swali uliloniuliza Jumapili tukitoka Kajiado, nikajifanya sijalisikia vizuri.

Ulisema, ukiniita mama kwa Kimaasai chetu, "Yeyo, umekubali, ama umechoka tu kubishana?"

Nikakwambia nimechoka na jua.

Kesho unaenda kusomea sheria huko upande wa ziwa, shule ambayo hata jina lake sikuwa nimewahi kulisikia mpaka uliponionyesha kwa simu. Ile ya Nairobi walikuita pia, ile ya juu kabisa kwenye orodha ya shule za sheria, ile ambayo ukiitaja hata makanga anajua ni wapi. Ukawakataa. Mbele ya majirani nimesema sina shida, mtoto amechagua. Lakini wewe hudanganyiki. Mimi na wewe tumekua pamoja, Simaloi. Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na saba, na mengine yote niliyojifunza, nilijifunza ukiwa mgongoni au ukiwa mezani mbele yangu.

Unakumbuka ukiwa darasa la tatu? Mimi niliacha shule darasa la saba, mwaka ule kiangazi kilimaliza ng'ombe wa babu yako wote, na kuandika nilikuwa nimeanza kusahau. Ukawa unafanya homwaki, na mimi naandika orodha ya vitu vya dukani, kisha unachukua kalamu yako nyekundu unanisahihishia. Siku moja ukaniandikia chini, "Jaribu tena." Nililia, wewe ukadhani nimeumia. Sikuwa nimeumia. Nilikuwa naona mtoto wangu anakuwa mwalimu wangu, na sikujua kama hiyo ni kitu cha kufurahia au cha kuogopa. Bado sijui.

Nimekuwa nikifikiria sana juu ya hii orodha. Mjomba wako Lemayian ndiye alianza kuileta. Wewe ulikuwepo siku ile alikuja hapa, hakuketi hata, akatoa simu mfukoni kama mtu anayetoa kitambulisho kwa polisi.

"Simaloi, soma hapa. Namba moja ni gani?"

"Najua, mjomba."

"Na hii yako iko wapi? Shuka. Shuka tena. Enda chini. Bado? Aki wewe, mpaka kidole kimechoka!"

"Mjomba, mwisho wa yote mtihani wa uwakili ni mmoja. Wa namba moja na wa namba ya mwisho tunakaa chumba kimoja."

"Mtihani ni mmoja, sawa. Lakini mwenye kuajiri anasoma juu ya cheti kwanza, chini anasoma akipata nafasi."

Nilicheka, lakini nilikuwa upande wake. Nikakwambia mbele yake kwamba mjomba amesema ukweli. Kisha ukasema lile neno ambalo lilinichoma: "Yeyo, si wewe uliniambia mambo ya lebo?"

Ni kweli nilikwambia. Ilikuwa jioni moja nimetoka kiwandani vidole vimevimba, ukaniuliza leo mmeshona nini. Nikakwambia leo laini yetu tumeshona mashati, kitambaa kimoja, uzi mmoja, mikono ile ile. Asubuhi tumeweka lebo ya kampuni moja, mchana tukaletewa lebo nyingine, na yule msimamizi akasema hizi za mchana zitauzwa bei ya kukutoa roho. Ukacheka sana. Nikakwambia, ukiikata hiyo lebo shati halifumuki. Ukaandika hayo maneno nyuma ya kitabu chako.

Sasa ukanirudishia, na nikakukasirikia. Nikakwambia usinitupie maneno yangu mwenyewe. Wacha nikwambie leo kile ambacho sikusema siku ile, kwa sababu kukwambia nusu si vizuri. Ni kweli shati halifumuki. Lakini pia ni kweli kwamba kuna milango ambayo wakikuona na lebo fulani shingoni wanakufungulia kabla hujabisha. Nimeona. Pale kazini aliletwa msichana kusimamia laini yetu, hajawahi kushika mashine, na walipomtambulisha walitaja shule yake kabla ya jina lake. Si mbaya, ni mtoto mzuri, mpaka leo ananisalimia. Lakini mimi niko pale tangu ukiwa nasari na hakuna siku mtu ameniuliza kama naweza kusimamia kitu. Kwa hivyo usifikirie nilikuwa napenda orodha kwa sababu ya maringo. Nimekaa upande ule ambao orodha haikujui. Kuna baridi huko. Sikutaka ukae huko.

Na kuna hii nyingine. Hii unaijua, lakini unaijua kama mtoto, vile tulikuwa tukiongea kwa sauti ya chini ukidhaniwa umelala.

Baba yako alipofariki, shamba lake la kule Bisil lilikuwa bado kwa jina la baba yake. Baada ya matanga kidogo tu, shemeji zangu wakaliuza. Sitawataja kwa ubaya hapa, mmoja wao bado anakupigia Krismasi. Walisema mimi ni kijana, nitaolewa tena, shamba litaenda kwa watu wengine. Mimi nilikuwa na wewe na cheti cha ndoa ya kanisani. Nikaambiwa nitafute wakili.

Nilianza Kajiado mjini. Kulikuwa na msichana mmoja wakili, ofisi yake ilikuwa juu ya duka la dawa za mifugo, ngazi zinanuka dawa ya kupe. Alinipa kiti chenye mguu mmoja uliofungwa kwa waya. Aliniuliza mambo mengi. Aliniuliza nyumba iliangalia upande gani. Aliniuliza kaburi la baba yako liko wapi kwa lile shamba, karibu na nini. Akasema angetaka twende pamoja akaone. Mimi nikamwangalia, nikaangalia kile kiti, nikamwuliza amesomea wapi. Akanitajia. Sikuijua hiyo shule. Nikamwambia asante dada, nitarudi. Sikurudi.

Nikaenda Nairobi, kwa yule mkubwa. Shangazi wa kanisa ndiye alinielekeza. Ghorofa ya juu, mpaka masikio yanaziba kwenye lifti. Ukutani vyeti vimepangwa, vingine vya ng'ambo, na jina la shule yake liko kwenye fremu ya rangi ya dhahabu. Nilikaa pale nikasema moyoni, hawa shemeji wakiona barua imetoka hapa watatetemeka. Hakuniuliza nyumba iliangalia upande gani. Sikuona kama ni shida. Nilidhani mtu mkubwa hivyo anajua bila kuuliza.

Kila tukienda kortini alituma kijana mwingine. Hata mara moja sikuona uso uleule. Wengine walisoma jina la baba yako vibaya, na mimi nikiwa nimekaa nyuma nilikuwa nalisema vizuri kwa sauti ya chini, kama vile ingesaidia. Kisha kuna siku hakuja hata mmoja. Jaji akaita, akaita tena. Nilisimama. Nikaambiwa mama kaa, wewe uko na wakili. Nikakaa. Kesi ikatupwa kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuisema, na mimi niko hapo hapo ndani, mzima, na mdomo.

Sijui kama yule wa Kajiado angeshinda. Labda angeshindwa pia. Sipendi kusema uongo juu ya mtu kwa sababu tu sikumpa kazi. Ninachojua ni kwamba aliuliza kaburi liko wapi.

Watu wangefikiria baada ya hapo ningechukia majina makubwa. Hapana. Nilifanya kinyume, na hili ndilo nimekuwa nikilizungusha kichwani tangu Jumapili. Nilijiambia: basi wangu atakuwa na jina kubwa kuliko hilo. Wangu ndiye atakaa ghorofa ya juu, na hakuna mtu atatufanyia hivyo tena. Nilikuangalia ukisoma, nikakuvalisha moyoni koti la wakili mkubwa bila kukupima. Na koti lenyewe, Simaloi, lilikuwa la yule yule mtu aliyetuacha kortini.

Unakumbuka ile mara ya kwanza tulienda kuona kaburi baada ya mwenye shamba mpya kuweka ua? Ulikuwa umevaa sare ya shule kwa sababu hatukuwa na nguo nyingine ya heshima. Kulikuwa na geti la chuma na askari amekaa juu ya mtungi wa plastiki. Hakuwa mtu mbaya. Akatuuliza, "Mnaenda kwa nani?" Mimi nikakwama. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima kutoka stendi ya Bisil, lakini yakapotea yote. Wewe ndiye ulimjibu.

"Tunaenda kwa baba."

Yule askari akafungua bila kuuliza tena, akaondoa kofia.

Tulipokuwa tukirudi ukaniuliza, "Mama, kortini nani alituongelea?" Nikakwambia hakuna. Ukaegemea dirisha la matatu mpaka Kajiado. Nilidhani umelala. Sasa naona hukuwa umelala. Uliponiambia kwamba umechagua hiyo shule ya ziwani kwa sababu wanafunzi wake, kuanzia mwaka wa pili, wanakaa kwa chifu siku ya baraza kusikiliza watu wasio na wakili, nilikwambia hiyo ni kazi ya kujitolea, hata Nairobi unaweza kujitolea. Ukasema, "Nairobi ni klabu ya wenye kutaka, Yeyo. Kule ni lazima." Nilijua unasema nini. Nikabadilisha nikaanza kuongea juu ya malaria.

Sasa wacha nifike Jumapili.

Babu yako aliita watu wachache tu, nyumbani. Koko, nyanya yako, alikuwa amekasirika na ziwa lenyewe. "Huko wanakula samaki asubuhi na jioni. Mtoto wa Kimaasai atakula nini?" Wewe ukamwambia utakula ugali. "Ugali na macho ya samaki yanakuangalia!" Watu wakacheka, hata Lemayian, ambaye alikuwa amekuja na simu yake ikiwa tayari. Babu akamwuliza hiyo orodha inasema nini. Lemayian akamsomea. Babu akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema hajaelewa, asomewe tena, akasomewa tena, na mwishowe akasema, "Kama iko kwa karatasi, basi ni ya kusomea. Si angechukua tu hiyo ya kwanza?" Unaona? Hata yeye. Hakuna mtu pale aliyekuwa upande wako. Ukakaa umeshika magoti, ukasema, "Babu, niombee hii niliyochagua." Na kwa vile umeomba, mzee hawezi kukataa.

Akachukua kibuyu cha maziwa, na nyasi imechomekwa mdomoni mwa kibuyu. Unajua vile inavyokuwa: mzee anatamka neno moja moja, na sisi tuliokaa tunaitikia *Naai*, ili lile neno lisianguke chini. Akakunyunyizia. "Mungu akupe miguu myepesi." *Naai*. "Akupe watu wema huko." *Naai*. "Ulale penye amani." *Naai*. Halafu akasema, "Na hiyo shule iwe nyumba yako."

Wote wakaitikia. Lemayian akaitikia. Koko, na samaki wake, akaitikia. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na wewe kuliko wote, bega kwa bega, na mdomo wangu haukufunguka. Haikuwa kwa kupanga. Ni lile neno "nyumba." Ukageuza kichwa kidogo, maziwa yakitiririka kwa paji la uso, ukaangalia mdomo wangu. Halafu ukaangalia chini.

Hiyo ndiyo sababu uliuliza njiani. Wewe hukuuliza juu ya shule. Ulikuwa umeniona.

Kwa hivyo hili ndilo jibu, na imenichukua siku hizi zote kulijua mwenyewe. Sikuwa nikipigania namba moja. Nairobi ni saa moja kutoka hapa. Ungelala nyumbani, au ungekuja kila Ijumaa na nguo chafu na njaa, na mimi ningekusubiri kwa stendi. Hiyo orodha ilinipa neno la heshima la kusema, ili nisiseme lile lingine: kwamba sijawahi kukaa kwa nyumba bila wewe tangu niwe mtu mzima. Nilitoka kwa mama yangu nikaenda kwa baba yako, baba yako akaenda, nikabaki na wewe. Sijui mimi ni nani nikiwa peke yangu na sufuria ndogo. Mjomba wako anaamini ile namba kweli. Mimi nilijificha nyuma yake.

Na nilikuwa nikiogopa kitu kingine, nikwambie tu. Nilikuwa nikiogopa kwamba utaenda huko mbali, ukae na hao watu kwa chifu, na siku moja aje mama kijana na mtoto wa sare ya shule, na umsikilize, na umwulize kaburi liko upande gani. Na hapo utaelewa sawasawa kile mama yako alifanya alipoona kiti kimefungwa waya akaondoka. Sasa unakijua hata kabla. Ni sawa. Afadhali umekisikia kwangu.

Sina ushauri mwingi. Niko na huu mmoja na sijui hata kama ni ushauri. Watakuja watu kukuuliza umesomea wapi. Watauliza hata ukiwa na nywele nyeupe. Wengine wakisikia watarudi nyuma hivi kidogo, utaona mabega yao. Usiwachukie. Wengine wao watakuwa wameumia mahali, wanatafuta tu mtu ambaye hawezi kushindwa. Mimi nilikuwa mmoja wao. Wape kiti, hata kama ni kibovu. Wakiondoka, waache waende. Wakirudi, usiwaulize mbona walichelewa.

Na siku zingine utajuta. Utasikia mwenzako wa Nairobi amepata nafasi mahali wewe hata fomu hawakupokea, na utasema moyoni kwamba mjomba alikuwa sawa. Anaweza kuwa sawa. Siwezi kukuahidi kwamba umechagua vizuri, sijasoma kiasi hicho, na hata waliosoma sidhani wanajua. Siku hiyo usinifiche. Nipigie unilalamikie. Sitasema nilikwambia. Na kama nikisema, kata simu, upige tena baadaye.

Umeuliza nimekubali au nimechoka. Nimechoka pia, siwezi kukana. Lakini nimekubali. Nimekubali nikiwa bado naogopa, na nikiwa nitalia kesho ukishapanda basi, kwa hivyo usigeuke kuangalia dirishani, nataka unikumbuke na uso mkavu. Lile neno nililokunyima Jumapili nitakupa asubuhi kabla ya kutoka mlangoni, kwa sauti, hata kama Mama Brayo atasikia na kuuliza tunabarikiana nini saa hizo.

Pale kanisani kwetu mchungaji huwa anawaita wazazi ambao watoto wameingia chuo wasimame, kila mmoja ataje mtoto wake ameenda wapi, na watu wanapiga makofi. Ukitaja jina kubwa makofi yanachelewa kuisha. Nimewapigia wenzangu makofi miaka mingi. Jumapili hii nitasimama nitaje shule yako. Najua wengi watakaa kimya kidogo, wakitafuta kwa kichwa ni ipi hiyo. Nitawangoja. Halafu nitakutaja tena wewe na shule yako, polepole, na safari hii nitaongeza jina la baba yako baada ya lako, vile linavyosomwa vizuri.

Mama yako,
Nashipae